Redio ya gari inapokataa diski ya ramani uliyonakili nyumbani

Magari mengi tunayoendesha hapa Lubumbashi yametoka Japani. Yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanapita Tunduma na Zambia, yanaingia kwa Kasumbalesa, na yakifika mjini usukani bado uko kulia na redio bado inasema Kijapani. Mengine yametoka Ulaya, na ramani ya Ubelgiji au ya Ujerumani bado imo ndani. Yale ya miaka ya 2000 aghalabu yana DVD ya ramani, iliyofichwa nyuma ya skrini, chini ya kiti au kwenye buti. Diski ile ikichoka, au mwenye gari akitaka ramani mpya zaidi, anachomewa kopi, yaani ramani inaandikwa kwenye diski tupu kwa kompyuta, anaiingiza, redio inaitema. Ndipo wanakuja kwangu.

Nitaeleza namna ninavyotafuta chanzo, dalili kwa dalili. Ninazungumzia kopi ya diski ambayo ni mali yako, uliyoinunua au iliyokuja na gari lako. Kopi ya namna hiyo ni akiba, na kwa magari ya Japani ni akiba kubwa kuliko watu wanavyofikiri, nitafika huko. Diski za magendo sizigusi. Kuna watu walipita barabara moja baada ya nyingine kuichora ramani ile, na hiyo ndiyo riziki yao. Isitoshe, baadhi ya mifumo ya magari ya Ulaya inadai namba ya kufungulia inayotolewa kwa gari moja tu, na namba hiyo haimo ndani ya diski hata ukiinakili mara mia.

Kabla ya kulaumu chochote, fanya majaribio mawili. Ingiza diski ya asili: ikisomwa vizuri, lenzi inayosoma diski ni nzima na kosa liko kwenye kopi. Kisha ingiza kopi kwenye kompyuta, si ile iliyoichoma bali nyingine. Kompyuta nyingine nayo ikikwama, usipoteze muda garini. Kama hata diski ya asili haisomwi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya vumbi. Majaribio haya hayamalizi nusu saa, na yameokoa redio nyingi zilizokuwa karibu kufunguliwa bure.

Inazunguka, inatafuta, inaitema

Zima injini, funga vioo, sikiliza. Redio inayoshindwa kuitambua diski ina mlio wake: diski inaanza kuzunguka, unasikia leza ikipanda na kushuka kutafuta mahali pa kushika, tsk tsk tsk, kimya kidogo, inarudia. Ikishindwa mara kadhaa inakata tamaa na kuisukuma nje. Mlio huu unasema leza haikuona hata mwanzo wa diski. Kilichoandikwa ndani bado hakijafikiwa, kwa hiyo usianze kubishana na mafaili.

Chanzo cha kwanza ni aina ya diski. Zile za kufuta na kuandika tena, DVD-RW, weka pembeni kabisa. Diski ya kuandikwa mara moja inarudisha kati ya asilimia 45 na 85 ya mwanga wa leza. Ile ya kufutika inarudisha asilimia 18 hadi 30 tu. Leza ya gari la miaka kumi na mitano mara nyingi haina nguvu za kutosha kuona mwanga hafifu namna hiyo. Najua ya kufutika inavutia kwa sababu ukikosea unarudia, lakini kwa ramani ya gari unapanda mbegu juu ya jiwe.

Halafu kuna suala la alama ya kutoa na ya kujumlisha. Kila DVD ina maandishi madogo mwanzoni kabisa, karibu na tundu la katikati, yanayoiambia mashine hii ni diski ya aina gani. Diski iliyotoka kiwandani inajitambulisha kama DVD-ROM. Baadhi ya redio za zamani zilifundishwa kuipokea hiyo tu, basi. DVD-R hujitambulisha kama DVD-R na hakuna la kufanya, ingawa redio nyingi huikubali. DVD+R ina faida moja: kama kichomeo chako kinaruhusu, unaweza kuiandikia kitambulisho cha DVD-ROM kabla ya kuchoma. Programu ya ImgBurn ina mahali pa kufanya hivyo. Kwangu mimi, ramani ikitosha kwenye diski yenye tabaka moja la kuandikia naanza na DVD-R. Ikikataliwa najaribu DVD+R yenye kitambulisho kilichobadilishwa. Ramani ya tabaka mbili naichoma kwenye DVD+R DL, na kitambulisho nakibadilisha bila kujiuliza.

Kasi ya kuchoma nayo inaua kopi nyingi. Paketi imeandikwa 16x na kijana wa duka anataka umpishe mteja mwingine, basi anakimbiza. Kompyuta itaisoma kopi ile, maana kisomeo cha kompyuta kinajua kusamehe. Cha gari hakisamehi, na barabara zetu zinakirusha juu chini muda wote. Mimi nachoma kwa 4x au 6x, na za tabaka mbili kwa 2.4x au 4x. Baada ya kuchoma naiacha programu ithibitishe yote iliyoandika, hata ikichukua dakika ishirini zaidi. Hakikisha pia diski imefungwa mwishoni, maana diski iliyoachwa wazi kwa kuongezewa vitu baadaye gari haliitambui.

Na tunajua maisha ya umeme hapa kwetu. Choma kwenye kompyuta ya mkononi yenye batri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski ile imekufa, hairudiwi.

Usibandike karatasi juu ya diski. Karatasi inafanya upande mmoja uwe mzito, diski inapepesuka ikizunguka kwa kasi, na joto la dashibodi likiyeyusha gundi karatasi inabanduka na kuganda ndani. Nimetoa diski za namna hiyo kwa koleo ndogo, kipande kwa kipande. Andika kwa kalamu ya ncha laini, upande wa juu, karibu na katikati.

Hata diski ya asili haisomwi: vumbi

Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua karibu hakuna, na yeyote anayeishi Katuba, Ruashi au Kampemba ndani ndani, mbali na lami, anajua rangi ya vumbi letu. Linapita kwenye nafasi ya kuingizia diski kila unapoifungua. Nakumbuka redio moja niliyoifungua mwezi wa Agosti. Lenzi ni kitu kidogo, kama punje ya dengu, yenye kung'aa rangi ya samawati ukiielekeza kwenye mwanga. Ile ilikuwa na utando wa rangi ya tofali. Nilichukua kijiti cha pamba chenye alkoholi, nikaizungusha mara mbili, pamba ikatoka nyekundu kama iliyofuta kidonda. Diski ya asili, ambayo mwenye gari alikuwa amekwisha kuambiwa aitupe, ikasomwa mara ya kwanza.

Tumia alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 90 na zaidi, kidogo tu. Usitumie manukato, usitumie petroli, na tafadhali usitumie lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Nimeona watu wakijaribu kwa sababu inanuka kama alkoholi, lakini ina maji na vitu vingine vinavyobaki juu ya lenzi kama ukungu. Usibonyeze pia. Lenzi inaning'inia kwenye nyaya nyembamba kama nywele, na zikipinda kidogo tu kisomeo chote kinabadilishwa. Kama hujawahi kufungua redio, jaribu kwanza diski ya kusafishia yenye brashi ndogo. Mara nyingine inatosha.

Kama inasomwa asubuhi na kukataa mchana, hasa Septemba na Oktoba jua linapochoma, angalia joto. Gari lililoegeshwa juani lina dashibodi ya moto sana, na leza iliyochoka hudhoofika ikipata joto. Endesha dakika kumi vioo vikiwa wazi, jaribu tena. Ikikubali, ni leza inayozeeka. Kopi nzuri itakusogeza mbele kidogo, lakini anza kutafuta kisomeo kingine.

Inasomwa, lakini skrini inasema si diski sahihi

Hapa leza imefanya kazi yake. Redio imeona diski, imesoma, na imekataa yaliyomo. Karibu kila mara kosa ni la mtu aliyechoma.

Fungua kopi kwenye kompyuta uangalie. Ukiona faili moja tu kubwa lenye jina linaloishia na ISO, umelipata kosa: faili lile lilinakiliwa kama wimbo. ISO ni picha kamili ya diski, na programu ya kuchoma lazima iambiwe iifungue na kuiandika kama diski. Ni kama mtu aliyetumiwa nyumba ya kuunganisha, akaweka boksi uwanjani na kulala humo.

Ukiona folda na mafaili mengi lakini bado inakataliwa, uliza yalifikaje hapo. Kuna wanaofungua diski ya asili, kuyavuta mafaili kwenye kompyuta na kuyachoma upya. Jina la diski linabadilika, mpangilio wa mafaili unabadilika, na redio iliyozoea kulikuta faili fulani mahali fulani haimtambui tena mgeni huyo. Nakili diski nzima kuwa picha, kisha choma picha ile. Hakuna njia ya mkato.

Kosa lingine ni kupunguza ukubwa. DVD ya tabaka moja imeandikwa GB 4.7, lakini Windows huihesabu kuwa 4.38. Mtu ana ramani inayoonyesha 4.5 kwenye kompyuta, anaona iko chini ya 4.7, anashangaa inakataa kuingia. Anatafuta programu ya kubana filamu, anaibana ramani, na anapata diski iliyojaa takataka. Filamu ikibanwa inapoteza ung'avu tu, mtu bado anaiona. Ramani ikibanwa imekufa. Nunua diski ya tabaka mbili, GB 8.5.

Na kama picha ya diski ulibeba kwenye flashi, kumbuka flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufikia GB 4. Ibadilishe iwe exFAT kwanza. Nimeona mtu akilikata faili vipande ili liingie, halafu akasahau kipande kimoja nyumbani.

Ikiwa yote haya ni safi, basi diski ni ya kizazi kingine cha redio. Gari aina moja, mwaka tofauti, linaweza kuwa na redio inayotaka diski tofauti kabisa. Linganisha namba iliyochapwa kwenye diski ya asili na namba ya kibandiko cha redio. Usiangalie jina la gari, angalia namba.

Inapakia, inafika mahali, inaganda

Dalili hii naipenda kwa sababu inazungumza. Chukua karatasi, andika asilimia iliyofikia ilipoganda. Rudia mara tatu.

Ikiganda palepale kila mara, kosa ni la diski. DVD inasomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo diski ya tabaka moja inayoganda karibu na mwisho imechomwa vibaya ukingoni, na ndiko diski za bei rahisi huharibikia. Ikiganda karibu na nusu na diski ni ya tabaka mbili, tazama mahali tabaka linapobadilika: leza imefika ukingoni, inatakiwa kushika tabaka la pili na kurudi ndani, imepotea. Choma upya polepole, kwenye diski ya aina nyingine.

Ikiganda kila mara mahali tofauti, diski ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima. Pima batri. Ikiwa imetulia na imejaa inaonyesha kama volti 12.6, injini ikiwaka utaona 13.8 hadi 14.4. Batri iliyochoka inashuka wakati diski inaanza kuzunguka, redio inayumba. Kupakia ramani kunaweza kuchukua muda mrefu, na shoferi anakaa na ufunguo umewashwa bila injini, feni inapiga, taa zinawaka. Washa injini, nje penye hewa, usifanye ndani ya garaji iliyofungwa.

Skrini ya Kijapani inadai diski, na hakuna kingine kinachofanya kazi

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inazuilika.

Papa mmoja alileta gari lake, Toyota, kutoka garaji nyingine. Alikwenda kubadilishiwa batri tu. Walifungua nyaya, wakaweka batri mpya, na redio ikawaka na mistari ya Kijapani juu ya skrini tupu. Muziki haukuwepo, kamera ya nyuma haikuwepo, kitu chochote hakikuitika. Nikamuuliza, «Papa, diski iliyokuwa ndani iko wapi?» Akasema mekanisiye alimwambia zamani hiyo ni ramani ya Japani, haina kazi hapa, na watoto waliichezea.

Mekanisiye alikuwa sahihi nusu. Ramani ile haina kazi hapa. Lakini katika redio nyingi za Japani za DVD, diski ile ile ndiyo iliyobeba programu ya kuendesha redio. Redio inaiweka programu katika kumbukumbu yake, na kumbukumbu inaishi kwa umeme wa batri. Batri ikitoka, programu imepotea, na redio inaomba diski yake ili izaliwe upya. Bila diski inabaki hivyo. Papa yule tulimtafutia diski ya asili ya redio yake, yenye namba ile ile, kwa watu wanaoleta vipuri vya Japani. Alingoja majuma kadhaa. Diski ilipoingia, redio iliipakia kwa dakika chache na kamera ikarudi. Jambo la kwanza tulilofanya siku hiyo, kabla hajalipa, ni kuichomea kopi.

Kwa hiyo kama gari lako limetoka Japani na bado lina diski yake, inakili wiki hii, wakati bado inasomeka. Siku ya kubadilisha batri, usiache gari bila umeme: shikiza batri ya pili kwa nyaya, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kabla ya kulegeza ile ya zamani, na funika kwa raba kichwa cha waya wa chanya kinapotoka, maana bado kina umeme.

Redio za baadaye zinazotumia kadi ya SD ni habari nyingine. Kadi nyingi za ramani zimefungwa kwa namba ya kadi yenyewe, kwa hiyo kuyanakili mafaili kwenye kadi nyingine hakusaidii. Baadhi ya Toyota zikikosa umeme zinaonyesha namba ndefu na kudai neno la siri. Usibahatishe maneno. Piga picha ya namba ile ilivyo, nenda nayo kwa anayejua aina hiyo ya redio.

Kopi imekubaliwa, lakini gari linaelea kwenye skrini tupu

Hakuna kilichoharibika. Diski ya Japani ina barabara za Japani, na setilaiti zinaiambia redio kwamba uko Lubumbashi, mahali ambapo diski haina mstari hata mmoja. Hivyo mshale unatembea kwenye rangi moja, barabara ya Kasenga au barabara ya Likasi ni mamoja. Kuchoma toleo jipya la Japani hakutaongeza hata avenyu moja ya Kamalondo. Wateja wengi wanalipia kopi wakitumaini hilo, na mimi nawaambia kabla sijachukua pesa.

Kwa kuongozwa njia mjini, tumia simu. Programu za OsmAnd na Organic Maps zinatumia ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao watu wa kawaida wanauchora wenyewe. Pakua ramani ya Kongo penye Wi-Fi, na ile ya Zambia pia kama unavuka Kasumbalesa. Baada ya hapo haihitaji megabaiti, maana simu inapokea setilaiti moja kwa moja. Barabara ya mtaa wako ikikosekana, unaweza kuiongeza.

Tarehe imerudi nyuma karibu miaka ishirini

Usichome chochote. Setilaiti za GPS huhesabu majuma 1024, kuanzia sifuri hadi 1023, kisha zinaanza tena sifuri. Hiyo ni kama miaka 19.6. Zilianza upya Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Redio ya zamani isiyojua hilo inakosea tarehe, huku mahali ulipo inapaonyesha sawa. Diski yenye programu mpya ya mtengenezaji inaweza kurekebisha. Kopi ya diski ile ile ya zamani haibadilishi kitu.

Gari linapotoka mikononi mwangu, kopi ndiyo inayobaki ndani ya redio. Diski ya asili naiweka kwenye kasha gumu, naandika namba ya redio juu ya kasha, naikabidhi kwa mwenye gari aende nayo nyumbani, kabatini, mbali na jua na mbali na watoto. Kopi ikichoka, tunachoma nyingine kutoka kwa ile.